Mshororo Uliokunjwa na Tarakilishi: Mzigo Huu ni wa Nani?

Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba guu huota tende. Katika taaluma yetu ya Kiswahili upo mwiba mmoja ambao tumeudharau kwa muda mrefu kwa kuwa ni mdogo, hauonekani kuwa na hadhi ya nadharia, na aghalabu hutajwa kwa mzaha tu tunapokutana nje ya ukumbi wa mihadhara. Mwiba huo ni jinsi tarakilishi inavyoikata na kuikunja mistari ya maandishi yetu. Mshororo wa shairi hugawanyika mahali ambapo mshairi hakuugawa. Kielelezo cha matawi huachana na sentensi yake. Neno hukatwa kwa kanuni za lugha nyingine. Sisi nasi husema, "Hiyo ni tarakilishi," tukaendelea na safari.

Hoja ya makala haya ni moja. Mahali mstari unapokatika ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la mashine. Kwa hivyo, kulisimamia ni wajibu wa mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili, wala si wajibu wa mwenye duka la kuchapishia.

Atembeaye katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Embu, Chuka na Nanyuki, hatakosa kuviona vyumba vidogo vya kuchapa na kurudufu kazi, hasa karibu na vituo vya magari na malango ya vyuo. Humo ndimo tasnifu, tahakiki na diwani zetu changa huingia zikiwa ndani ya kifaa kidogo cha kuhifadhia data na kutoka zikiwa karatasi. Wahudumu wa vyumba hivyo ni watu wa bidii. Wanajua kuchapa haraka, wanajua kujalidi, na wanajua kumtuliza mwanafunzi ambaye muda wake wa kuwasilisha kazi unayoyoma. Hata hivyo, hawakusomea arudhi wala fonolojia ya Kiswahili, na si haki kuwalaumu kwa hilo. Lawama, ikiwa ipo, imwendee yule aliyesoma arudhi kwa miaka minne kisha akaiacha mlangoni alipoikabidhi kazi yake.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Enzi za taipureta, mchapaji alisikia kengele alipokaribia mwisho wa mstari, naye ndiye aliyeamua kama neno lingeingia au lingevukishwa hadi mstari uliofuata. Programu za kuchapia ziliuondoa uamuzi huo mikononi mwa binadamu. Mashine hupima upana wa ukurasa, hupima upana wa kila herufi, na inapoona kuwa neno halitoshi hulishusha chini. Huko ndiko kukunja mistari. Kwa nathari ya kawaida jambo hili ni neema, kwani mwandishi hutiririka bila kujali ukingo. Lakini mashine haijui tofauti kati ya nathari na ushairi. Kwake kila kitu ni msururu wa herufi unaotakiwa kuenea katika sentimita fulani.

Hebu tuutazame mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya mfano:

Mlima umejificha, wingu limeufunika

Mshororo huu una mizani 16: nane katika ukwapi na nane katika utao. Kina cha kati ni "cha" na kina cha mwisho ni "ka". Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiacha pambizo ya sentimita 2.54 kila upande, zinasalia takriban sentimita 16, nao mshororo huingia bila shida. Lakini jarida linapopangwa kwa safu mbili, kila safu hubaki na sentimita saba na ushei. Ongeza nafasi kati ya vipande viwili, au kuza herufi kidogo, na mshororo utatokea hivi:

Mlima umejificha, wingu
limeufunika

Tazama kilichotendeka. Mstari wa kwanza sasa una mizani kumi na wa pili una mizani sita. Kina cha kati kimemezwa ndani ya mstari, na neno "wingu" limejipachika mwishoni, mahali ambapo msomaji hutarajia kina. Ubeti wa tarbia, ambao una mishororo minne, sasa una mistari minane isiyolingana. Mwanafunzi mchanga anayeusoma ataandika nini? Atasema, tena kwa ushahidi wa macho yake, kwamba hilo ni shairi huru ambalo halizingatii urari wa mizani wala vina. Atakuwa amekosea, lakini kosa lake lilianzia kwa aliyelichapa shairi.

Hili si suala la urembo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ile ya Fasihi, huwa na ushairi, na mtahiniwa huweza kuulizwa kuhusu umbo na bahari za shairi alilopewa. Walimu wa shule za upili hutunga mitihani ya majaribio na kuichapa katika vyumba vilevile tulivyovitaja. Karatasi iliyokunjwa vibaya humwadhibu mtoto aliyehesabu kwa uaminifu kile alichokiona. Nasi tunaofuzu kutoka vyuo vya eneo hili ndio tutakaokuwa walimu hao.

Je, dawa yake ni ipi? Ya kwanza ni kuyaona yaliyofichika. Kila programu ya kuchapia ina amri ya kudhihirisha alama zisizochapishwa. Katika Word ni Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja; katika LibreOffice ni Ctrl na F10. Ukiitoa amri hiyo, kila mwisho wa aya huonekana kwa alama ya ¶, na kila nafasi iliyoachwa huonekana kwa nukta. Hapo utagundua kuwa magonjwa mengi ya mistari yana asili mbili tu. Ama mchapaji alibonyeza Enter mwishoni mwa kila mstari wa nathari kana kwamba anatumia taipureta, na ukubwa wa herufi ulipobadilishwa mistari ikawa mirefu na mifupi ovyo. Ama alizitenga sehemu kwa kubonyeza nafasi mara kumi au ishirini, na nafasi hizo zikahama pindi aina ya hati ilipobadilika.

Ya pili ni kuupa mshororo mwili wake. Kila mshororo uwe aya inayojitegemea, na mwanya kati ya ubeti na ubeti uwekwe kwa mipangilio ya aya, si kwa kurundika mistari mitupu. Aya hizo zijongezwe kwa namna ambayo mstari wa kwanza huanzia ukingoni, na masalio yoyote yanayoshuka chini huanzia ndani. Kwa njia hii, hata safu ikiwa nyembamba na mshororo ukalazimika kukunjwa, msomaji ataona mara moja kuwa kipande kilichoingia ndani ni mwendelezo wa mstari wa juu, si mshororo mpya. Wachapishaji wa ushairi duniani wamekuwa wakiitumia desturi hii kwa muda mrefu.

Ya tatu ni kuvitenga vipande kwa kitufe cha Tab kilichowekewa kituo maalumu, si kwa nafasi. Ukiweka kituo, tuseme, sentimita nane kutoka ukingoni, kila utao utaanzia hapo hata maneno ya ukwapi yawe marefu au mafupi. Na ikiwa safu haitoshi kabisa, basi mwandishi mwenyewe aamue kukata penye kituo cha shairi, utao wote ukae chini ya ukwapi wote katika kila mshororo bila kubagua. Mshororo uliokatwa baada ya mizani nane bado unaonyesha vina vyake viwili. Uliokatwa baada ya kumi hauonyeshi chochote.

Ya nne ni ya siku ya kuchapisha. Tarakilishi ya dukani isipokuwa na aina ya hati uliyoitumia, itaweka nyingine mahali pake, na kwa kuwa upana wa herufi ni tofauti, mistari yote hujikunja upya. Ndiyo maana kazi iliyokuwa safi bwenini hugeuka kituko ifikapo mjini. Ihifadhi kazi yako kwa muundo wa PDF, hati zikiwa zimepachikwa ndani yake, kisha uichapishe hiyo. Mistari itabaki ulipoiacha.

Tugeukie wanasarufi, wasije wakadhani kuwa tatizo hili ni la washairi peke yao. Uchanganuzi wa sentensi kwa vielelezo vya matawi ni sehemu ya kawaida ya tasnifu za isimu. Wengi wetu huchora matawi hayo kwa mstari mmojammoja, kila mstari ukiwa kitu kinachoelea juu ya ukurasa. Kitu kinachoelea huwa kimefungwa kwa nanga isiyoonekana kwenye aya fulani, nayo matini huagizwa ama ikizunguke, ama ipite nyuma yake, ama ipite mbele yake. Ukiongeza sentensi moja katika sura ya pili, aya husogea na nanga husogea nazo, lakini si zote kwa kipimo kimoja. Matokeo yake ni kwamba tawi la KN hubaki ukurasa wa 40 na lile la KT huenda ukurasa wa 41, au maneno ya aya hupita juu ya kielelezo chote mfano wa nguo iliyoanikwa juu ya ua. Sentensi imepoteza kiarifu kwa sababu isiyohusiana na sintaksia hata kidogo.

Tiba yake ni nyepesi. Chagua mistari na maneno yote ya kielelezo, uyaunganishe yawe kitu kimoja, kisha ukipe kitu hicho mpangilio wa kukaa ndani ya mstari, kama kwamba ni herufi moja kubwa. Kuanzia hapo kitasafiri pamoja na aya yake popote iendako. Kwa picha na ramani, kama zile za usambaaji wa lahaja, kanuni ni iyo hiyo. Mtindo wa kuacha matini yaizunguke picha unafaa gazeti. Katika tasnifu, picha ikae katika mstari wake yenyewe.

Sasa tufikie neno lenyewe, ambapo suala hili linakuwa la kiisimu bayana. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na maneno yake huweza kuwa marefu: "walipotuandikishia", "yatakayowafurahisha". Mashine inapoamriwa kulinganisha kingo zote mbili bila kuruhusiwa kukata maneno, hulishusha neno zima na kuinyoosha mianya iliyobaki, na ukurasa hujaa mapengo meupe yanayotiririka kutoka juu hadi chini. Ikiruhusiwa kukata, huikata matini kwa kanuni za lugha ambayo matini hiyo imesajiliwa nayo. Na wangapi kati yetu hukumbuka kuiambia programu kuwa matini yetu ni ya Kiswahili? Ikidhani kuwa inasoma Kiingereza, yaweza kulikata "nyumba" kati ya "m" na "b". Mwanafunzi yeyote wa fonolojia anajua kuwa silabi zake ni nyu-mba, na kwamba "mb" haigawanyiki.

Mwaka 1983 Franklin Liang wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyekuwa mwanafunzi wa Donald Knuth, alikamilisha tasnifu kuhusu jinsi ya kuifunza tarakilishi kukata maneno kwa kutumia ruwaza fupi za herufi. Mbinu hiyo ingali inatumika katika mfumo wa TeX, na LibreOffice nayo hutumia mbinu iliyotokana nayo. Kiingereza, kwa tahajia yake isiyotabirika, kilihitaji ruwaza 4,447. Kiswahili je? Kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa vokali, sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kufanywa na ruwaza tano tu: ruhusu kukata baada ya a, e, i, o na u. Ukiongeza sharti kuwa isiachwe herufi moja pweke mwanzoni wala mwishoni mwa mstari, utapata wana-funzi, ng'o-mbe, Kara-tina, nyu-mba. Yatabaki maneno ya mkopo yenye konsonanti zilizofuatana, kama vile "maktaba" na "daktari". Washairi wengi huihesabu "maktaba" kuwa na mizani nne, ilhali wanafonolojia wengine watasema mak-ta-ba. Huo ni mjadala wetu. Mhandisi hawezi kutuamulia, naye hatautatua kamwe ikiwa hatutamweleza kuwa upo.

Yamkini kuna watakaopinga wakisema kuwa haya ni mambo ya ufundi, na kwamba mtaalamu wa Kiswahili ana kazi kubwa zaidi ya kuhangaikia pambizo. Historia ya eneo hili haiwaungi mkono. Wamisionari wa Consolata walikuwa na mtambo wa kupiga chapa Nyeri, na jarida la Kikikuyu la Wathiomo Mukinyu lilianza kutoka mwaka 1916. Huko Karatina, marehemu Gakaara wa Wanjaũ aliandika, akahariri na akachapisha, na mwaka 1984 alitunukiwa Tuzo ya Noma kwa shajara yake ya kizuizini. Alijishughulisha pia na tahajia ya lugha yake, kwa maana kwake kuandika na kuchapisha zilikuwa shughuli zilizoshikana. Nako pwani, katika miswada mingi ya kale ya tendi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, wanakili walitia alama kati ya kipande na kipande ili msomaji asipotee, hata mistari ikaeje. Wote hao walijua kuwa namna maandishi yanavyokaa ukurasani ni sehemu ya maana yake.

Wengine watasema kuwa kazi hii ilikwishafanywa, kwani programu za Kiswahili zipo. Ni kweli kuwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuchapia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na jitihada hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, kutafsiri majina ya vitufe ni jambo moja, na kuifunza mashine silabi za Kiswahili ni jambo jingine. Menyu yaweza kusema "Hifadhi" na "Chapisha" kwa ufasaha wote, na bado mshororo wa mizani 16 ukakunjwa penye mizani kumi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika kozi za uandishi na za mbinu za utafiti, idara zetu zitenge angalau vipindi viwili vya kufunza upangaji wa matini ya Kiswahili: mshororo, kielelezo cha matawi, jedwali na neno linalokatwa. Mwanafunzi aitwe mbele ya tarakilishi kama anavyoitwa ubaoni. Pili, chama chetu kiandae kiolezo kimoja, chenye mitindo ya mshororo, ubeti na nukuu iliyokwisha kuwekwa, ambacho kila mwenye kuleta kazi katika jarida hili atakitumia. Kiolezo hicho kipelekwe pia kwa wahudumu wa vyumba vya kuchapia vilivyo karibu na vyuo vyetu. Watakipokea kwa furaha, kwa kuwa kitawapunguzia kazi.

Tatu, tuvuke mpaka wa idara. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa Nyeri, na hufunza sayansi ya tarakilishi. Kutoka Karatina hadi huko ni safari fupi ya matatu. Wanafunzi wa fonolojia wakikaa meza moja na wanafunzi wa tarakilishi kwa muhula mmoja, wanaweza kuandika ruwaza za kukata maneno ya Kiswahili, wakazijaribu kwa maandishi halisi, wakauamua mjadala wa "maktaba" na "daktari", kisha wakazitoa bure kwa kila anayeandika lugha hii kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Sijui tasnifu nyingi za shahada ya kwanza ambazo zingekuwa na manufaa ya haraka kiasi hicho.

Kabla hayo hayajatimia, liko ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya wiki hii. Ifungue kazi unayokusudia kuwasilisha, zidhihirishe alama zilizofichika, kisha uihesabu mizani ya kila mstari wa shairi ulilolinukuu, kama unavyoihesabu unapohakiki shairi la mtu mwingine. Penye mizani kumi na mizani sita, utajua la kufanya.